Sura ya Saba: Ekzosi Mpya, Msumeno wa Zamani

"Unataka nirudie tena?" Mama Maziwa alitua madumu yake mawili chini, akashika kiuno. "Askari watatu wameshakuja kuniuliza. Wote waliandika neno moja, wakafunga kalamu, wakaondoka."

"Neno gani?"

"Radi."

Inspekta hakuandika kitu. Alisimama katikati ya vumbi la mbao, mikono nyuma, akiutazama mtiki uliokatwa nusu na kuachwa wima. Kituoni walimbandika jina la Mama Kwanini, na hawakumbandika kwa kumpenda. Wenzake wakifunga faili yeye hulifungua, na mkuu wa kituo hushikwa na kichwa. Faili la leo lilikuwa limeshafungwa kabisa. Jumapili alfajiri mtu aliingia kwenye shamba la mitiki lililo juu ya chanzo cha maji, mahali ambapo hairuhusiwi kukata hata fimbo, akaangusha mti mkubwa juu ya kibanda cha mlinzi. Mlinzi alivunjika nyonga, alikuwa hospitali. Mti wa pili mtu huyo aliufikisha nusu, akatoweka. Mkata miti mmoja, aliyeitwa Radi na mji mzima kwa sababu ya ngurumo ya msumeno wake wa injini, alikuwa mahabusu tangu siku ileile. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani, na kwa nyonga ile hakuna aliyetegemea kumwona mtaani hivi karibuni.

"Ulimwona?" Inspekta aliuliza.

"Kumwona wapi, na ukungu ule? Nilikuwa pale chini naosha madumu. Lakini nani asiyemjua Radi? Mashine yake ikiwaka, ng'ombe wangu wanabana maziwa. Aliitoboa ekzosi mwenyewe nyumbani kwake, ndiyo maana ina mdomo mchafu vile."

"Sawa. Sasa nipe mwanzo, katikati na mwisho."

"Mwanzo ni Radi. Ngurumo nzito, ya tumboni. Mti ukaanguka, mlinzi akapiga yowe. Yowe la kutoa roho, mwanangu, hata huku chini nililisikia. Mashine haikuzimwa. Ikaingia mti wa pili." Mama Maziwa akasita. "Halafu... hao askari wenu hawakuniuliza mwisho."

"Mimi nauliza."

"Sauti ilipanda. Ikawa nyembamba, kama mtoto anayelia mpaka anakosa pumzi. Ikapanda, ikapanda, halafu kwaa! Kimya. Lakini si kimya cha mtu kuzima mashine. Ni kimya cha kukabwa."

Koplo, kijana mnene aliyekuwa amekalia gogo la ushahidi bila kujali, akaangua kicheko. "Mama, tangu lini kimya kikawa na aina?"

"Oa kwanza, utazijua aina zake."

Hata Inspekta alicheka. Kisha akachuchumaa mbele ya mti ule wa nusu. Gome lilikuwa limechanika pembeni mwa mkato, na ndani kulikuwa na alama za shoka, kana kwamba mtu alitanua mkato ule apate kuchomoa kitu kilichong'ang'ania. Taarifa ya kwanza ilisema mkosaji alikimbia aliposikia yowe. Mama Maziwa alisema yowe lilikuja mapema, na mkosaji akaendelea na kazi.

"Koplo, mtu anayekimbia yowe hakai kutanua mkato kwa shoka," alisema. "Kwa nini hakuutoa msumeno wake ukiwa unazunguka?"

"Labda mafuta yaliisha, afande."

"Mafuta yakiisha injini hukohoa na kufa polepole. Hailii." Alisimama, akakung'uta magoti. "Twende tukamuulize bwana Radi mwenyewe."

*

Mahabusu palikuwa na benchi moja na dirisha la nondo, na Radi alivijaza vyote viwili. Alikuwa pande la mtu, mikono imejaa makovu madogo, na hata siku ya nne ndani alikuwa bado hajapunguza majivuno.

"Nieleze ulivyoitoboa ekzosi yako," Inspekta alisema.

"Hiyo siri ya kazi, mama."

"Vizuri. Utaitunza vizuri sana gerezani, huko hakuna wa kuiiba."

Radi akamtazama, akamtazama Koplo, akashusha pumzi. Na kwa kuwa hakuna fundi anayechukia kusimulia kazi yake, alipoanza hakukamatika tena.

"Sikiliza basi. Ekzosi ya kiwandani inabana moshi. Injini inakuwa kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Ukiipanua, inapumua, inakata mti kama muwa. Lakini wapumbavu wanadhani kazi ni matundu tu. La hasha! Kwanza naifungua ekzosi, naitoa kabisa kwenye mashine. Pale ilipotoka panabaki mlango wa injini, uko wazi, unaiona pistoni kwa macho. Nauziba kwa kitambaa. Ekzosi naipeleka kwenye jiriwa, naibana, natoboa kwa drili, nasugua kingo kwa tupa. Kisha naiosha kwa petroli mpaka isibaki chenga hata moja ya chuma. Ule wavu wa kuzuia cheche naurudisha, sitaki kuchoma pori la watu. Naifunga."

"Halafu umemaliza."

"Ndiyo kwanza nusu!" Radi alipiga paja. "Injini sasa inavuta hewa nyingi kuliko zamani. Usipoiongezea petroli itaungua ikiwa kavu. Nalegeza skrubu ya kabureta kidogo, kwa sikio, mpaka ingurume bila kulia."

Inspekta alikuwa akikuna sikio kwa kidole. Kidole kikasimama. "Bila kulia. Na mtu akitoboa tu, asiguse kabureta?"

"Mwanzo itanguruma kama yangu. Mwenyewe atachekelea. Ikipata moto kwenye kazi nzito, sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inalia. Kisha kwaa, inanoki. Pistoni imeganda kwenye silinda, hata uvute kamba na ng'ombe wawili haitoki."

Koplo alifungua mdomo na kusahau kuufunga.

"Na hizo chenga?" Inspekta aliuliza taratibu. "Mtu akitoboa ekzosi ikiwa bado iko kwenye mashine?"

"Nani kichaa wa kufanya hivyo? Chenga zinaingia kwenye silinda, zinaichana pistoni kama makucha ya paka. Hapo anaiua injini mara mbili."

"Nani unamjua aliyetaka kutoboa yake?"

Radi akacheka kwa mara ya kwanza tangu awekwe ndani, kicheko cha mtu aliyekumbuka ujanja wake. "Ee, wengi wameniuliza. Seremala wa kona ile ya kinu aliniuliza. Hata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniuliza juzijuzi kwa utani tu, yule hapendi hata grisi. Wote nawajibu vilevile: ni matundu matatu tu, basi. Nikifanya kazi nafunga mlango wa banda. Anayepita nje anasikia drili, na baadaye anaona matundu. Mengine yote ni yangu."

"Unawapa nusu ya kazi."

"Mama, ningewapa yote ningekula nini?"

Inspekta aligonga nondo mara mbili kwa furaha, jambo ambalo Koplo hakuwahi kuliona. Mahali fulani mjini humu kulikuwa na msumeno ulioganda. Kazi ilikuwa kuukuta kabla mkuu wa kituo hajafunga ofisi jioni na kulipeleka faili kwa mwendesha mashtaka.

*

Walianza kwa seremala, maana Koplo aliapa kwamba msumeno wa seremala ulikuwa umekufa, amesikia kwa masikio yake mtu akisema. Aliingia karakana kwa kishindo, pingu mkononi.

"Uko wapi msumeno wako wa injini? Na usinidanganye!"

Seremala, penseli sikioni, alionyesha kona kwa kidevu. Koplo aliinama, akapeleka mkono, na papo hapo akaurudisha akipiga kelele. Kuku mwekundu alitoka nyuma ya tangi la mafuta akimfokea. Msumeno ulikuwa umelaliwa na mayai sita, mnyororo umeliwa na kutu, na buibui walikuwa wamejenga ghorofa kwenye ekzosi.

"Umekufa tangu mwaka juzi," seremala alisema. "Mkitaka kumhoji kuku, amemaliza kutaga, ana nafasi."

Nje, Koplo alifuta mkono wake kwenye suruali kimya kimya. Inspekta alimhurumia, lakini si sana.

"Sasa fikiri nami," alimwambia wakitembea. "Radi ana kibali cha kuvuna shamba lile jingine, linaloruhusiwa, msimu huu, sivyo? Akifungwa, kibali kinakwenda kwa nani?"

"Kwa aliyemfuata kwenye maombi, afande." Koplo alisimama ghafla. "Shemeji yake! Lakini afande, yule ndiye aliyekuja kituoni kutuambia kwamba Radi hakulala nyumbani usiku ule. Ndiye aliyetusaidia."

"Ndiyo. Kwa nini alitusaidia?"

*

Watu walimwita Msafi. Alikuwa mkata miti pekee mji mzima aliyekwenda porini na shati lililopigwa pasi. Nyumba yake na ya Radi zilitenganishwa na ua wa mabati, na upande wa pili wa ua huo mke wa Radi, dada yake wa tumbo moja, alikuwa akianika nguo huku macho yamevimba kwa kulia.

Msafi aliwakaribisha sebuleni, akafuta viti kwa leso kabla hawajakaa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kabati la vyombo lilikuwa limesimama sakafuni, limeegemea ukuta mweupe usio na hata alama ya msumari.

"Inaniuma, mama," alisema. "Yule ni mume wa dada yangu. Kazi nimemfundisha mimi, alikuja hajui hata kunoa mnyororo. Lakini ukweli ni ukweli."

"Msumeno wako uko wapi?"

Hakushtuka hata kidogo. Aliingia chumba cha pili akatoka nao, akauweka mezani juu ya gazeti, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. "Nilijua mtakuja kuangalia misumeno yetu sote, na ndivyo inavyotakiwa. Tazameni ekzosi yangu. Haijaguswa. Mimi siyo mtu wa kutoboatoboa vitu."

Ilikuwa kweli. Ekzosi ilikuwa nzima, iking'aa. Koplo alimtazama Inspekta kwa huzuni, kama aliyeona kuku mwingine.

Inspekta aliuinamia msumeno. Mpini ulikuwa umelika kwa miaka ya kushikwa. Kifuniko kilikuwa na mikwaruzo, mapezi ya silinda yamejaa masizi na grisi ya zamani. Katikati ya uchakavu wote ule iling'aa ekzosi moja, haina hata doa la moshi.

"Uwashe," alisema.

"Hauna petroli, mama."

Inspekta akaushusha sakafuni, akaushika kwa mguu, akavuta kamba. Kamba haikuja. Alivuta kwa mikono miwili. Msumeno wenyewe uliinuka kutoka sakafuni, kamba isisogee hata inchi.

"Ni wa zamani," Msafi alisema, na sasa leso yake ilikuwa ikizunguka vidoleni. "Ulinoki kitambo. Miezi mingi."

"Pole. Na kwa nini umeununulia ekzosi mpya msumeno uliokufa miezi mingi?"

Leso ikasimama. "Nilitaka kuuuza. Mteja hupenda kitu kinachong'aa."

"Jibu zuri," Inspekta alikiri, na alimaanisha. Alikwenda dirishani, akaita juu ya ua wa mabati. "Dada! Samahani, unaweza kutuazima spana ya kufungulia ekzosi?"

Mke wa Radi alikuja na kisanduku kizima cha zana za mumewe, akakiweka mezani bila kumtazama kaka yake. Alipofungua kifuniko, kitu cha kwanza juu kilikuwa drili, msumari wake wa kutobolea bado uko mdomoni.

"Mume wangu haachi drili hivi," alisema, nusu akijisemea. "Kila msumari una kitambaa chake. Ni kaka huyu. Aliiazima Jumamosi, akairudisha jioni."

"Ya nini?" Inspekta aliuliza.

"Kutundika kabati ukutani."

Wote watatu waligeuka, wakalitazama kabati lililosimama sakafuni, na ukuta mweupe usio na tundu. Msafi peke yake hakugeuka.

"Nilighairi," alisema.

Inspekta alivua koti, akakunja mikono ya shati, akafungua nati mbili za ekzosi. Zilifunguka kwa wepesi, nati ambazo zingekuwa zimeonja moto hata siku moja zingegoma. Aliitoa ekzosi, na mlango wa injini ukabaki wazi kama Radi alivyousimulia. Akaomba tochi.

"Koplo, njoo. Niambie unaona nini."

Koplo alibandika jicho. "Naona pistoni. Afande, imechanwa! Michirizi mitupu, juu mpaka chini. Kama..." Akatafuta neno. "Kama makucha ya paka."

"Na hapo kingoni?"

Inspekta alichukua karatasi nyeupe, akaiweka chini ya mlango ule, akagonga silinda kwa ngumi. Kwenye karatasi zilidondoka chenga nne za chuma, ndogo, zimejikunja kama vinyweleo. Alizisukuma kwa ncha ya kidole mpaka mbele ya Msafi.

"Kaka, chenga hizi ni za chuma kilichotobolewa kwa drili. Zimo ndani ya injini yako. Zimetoka wapi?"

"Kwenye ekzosi," alisema Msafi, kisha akauma midomo.

"Ekzosi ipi? Hii haina alama hata ya sindano." Sauti ya Inspekta haikupanda. "Nitakusaidia. Ulikuwa na ekzosi nyingine, kuukuu kama msumeno wenyewe. Jumamosi uliitoboa matundu matatu ikiwa bado imefungwa kwenye mashine, maana shemeji yako alikuambia kazi ni matundu tu, nawe ukamwamini. Ulitaka ngurumo yake, na uliipata. Ikakuangushia mti mmoja. Katika mti wa pili injini ikaanza kulia, ikanoki, msumeno ukabanwa ndani ya mti, ukatumia shoka kuutoa. Jumapili hiyohiyo ukaja kutudanganya kwamba mume wa dada yako hakulala nyumbani, Jumatatu ukanunua ekzosi mpya."

"Maneno," alisema Msafi. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini mgongo bado umenyooka. "Injini iliyokufa si kosa la jinai, mama. Hakuna aliyeniona pale."

Hapo alikuwa na haki, na Inspekta alijua. Chenga nne zingeweza kumtoa Radi, lakini zisingetosha kumfunga huyu. Aliketi. Alipoongea tena hakuongea kama askari, aliongea kama mtu aliyechoshwa na ukatili.

"Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Mimi nimekwenda hospitali. Yule mlinzi ni mtu mzima, umri wa baba yako. Alipoangukiwa alipiga yowe. Aliita, akaita tena. Mwanamke aliyekuwa chini kabisa bondeni alimsikia. Wewe ulikuwa hatua chache tu, na ukaendelea na mti wa pili huku mtu anakufa. Mnyama gani anafanya hivyo?"

"Kaka?" dada yake akasema, kwa sauti ndogo sana. "Ulimwacha analia?"

"Sikumwacha!" Msafi aliruka kutoka kitini. "Kwa makelele yale ya mashine ningemsikiaje?"

Msafi alibaki wima, mdomo wazi, akiyasikiliza maneno yake mwenyewe. Ile ngurumo aliyoitengeneza imwangamize mwenzake ilikuwa imemziba masikio alfajiri ile, na sasa imemfungua kinywa. Koplo alitoa pingu, na safari hii hakuna kuku aliyemzuia.

Ekzosi ya zamani waliikuta ndani ya kabati, nyuma ya sahani. Ilikuwa na matundu matatu, imefungwa vizuri kwenye shati lililopigwa pasi.

*

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha vaa kofia ya kutokea wakati Inspekta alipoingia uani na mtuhumiwa mpya. Alisoma maelezo akiwa amesimama. Alitazama ekzosi zote mbili, akatazama chenga.

"Na nitajuaje kwamba uliokufa siku ile ni wa huyu, siyo wa Radi?"

"Kwa kuuwasha wa Radi, mkuu. Umo kwenye stoo ya vielelezo tangu Jumapili na hakuna aliyeugusa. Msumeno ulioganda hauwaki."

Wakautoa uani. Habari ilikuwa imeshatangulia. Makarani walitoka, askari wa zamu ya jioni walijipanga ukutani, na Mama Maziwa alikuwa getini na madumu yake matupu. Radi alifunguliwa pingu. Alipapasa vifundo vya mikono, akaweka mguu kwenye mpini, akavuta kamba mara moja. Kimya.

"Umelala muda mrefu," Radi alisema. "Lazima uamshwe kwa adabu."

Akavuta tena.

Vioo vya kituo vililia. Njiwa waliondoka juu ya paa kwa mkupuo, kofia ya mkuu ikateleza, na ngurumo ile nzito, ya tumboni, ikajaa ua mzima bila kupanda na bila kuwa nyembamba, ikaendelea na kuendelea. Koplo alirusha ngumi hewani. Askari waliomfunga Radi siku ya Jumapili walikuwa wakipiga makofi kuliko wote. Mama Maziwa alimsogelea Inspekta, akamwambia sikioni kwa kupiga kelele: "Huo ndio wake! Ule wa Jumapili ulikuwa mwongo!"

Mkuu wa kituo alisema kitu, hakuna aliyekisikia. Aliona hivyo, akatoa karatasi ya mashtaka na kuichana vipande viwili mbele ya watu wote, akampa Inspekta mkono.

Mke wa Radi alikuwa amesimama kando. Siku ile ilikuwa imemrudishia mume na kumnyang'anya kaka, na machozi yake hayakuwa na hesabu ya lipi ni la nani. Alipita katikati ya watu, akafika mbele ya mumewe, akaweka kiganja juu ya mkono ule mkubwa uliokuwa ukitetemeka pamoja na mashine.

"Zima sasa," alisema. "Wameshakusikia. Twende nyumbani."